Kompyuta Itakayosema Kama Sisi

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza imenikuta njiani, nikaingia ofisini viatu vikilia kwachu kwachu. Wala sikujali, maana habari niliyoikuta huko imenikausha yenyewe.

Ofisi yetu ina watu watatu na birika moja la chai. Tunatafsiri maneno yote ya mfumo endeshi wa kompyuta. Kila "hifadhi", kila "ghairi", kila "tafadhali subiri" anayoiona mtu akiwasha mashine yake imepita mikononi mwetu. Bosi tunamwita Bi Nukta, kwa kuwa hakuna sentensi inayotoka mlangoni kabla hajaikagua nukta yake. Fundi anashughulika na matumbo ya mfumo wenyewe. Ni mtu mrefu, mkimya, anayejibu maswali kwa mabega. Mimi ndiye mfasiri.

Sasa habari yenyewe. Wenye mfumo, huko makao makuu, wanaanza kutengeneza toleo jipya, na kwa mara ya kwanza wameiuliza kila ofisi ya lugha: watumiaji wenu wanataka nini? Tukusanye matakwa, watu wayapigie kura, na litakaloshinda watalijenga. Hawakusema watalifikiria. Wamesema watalijenga! Bi Nukta alilisoma neno hilo mara mbili, akavua miwani.

"Miaka yote tumefasiri wanachotaka wao," akasema. "Safari hii wametuuliza tunachotaka sisi. Msinitie aibu."

Jioni nimemsimulia mume wangu, ambaye kila mtu humwita Mwalimu. Mwalimu akasema, "Waambie nataka kompyuta iote miguu, inifuate jikoni." Hiyo ndiyo sentensi ndefu kuliko zote alizonipa kwa siku nyingi.

Jumatano, 5 Machi

Siku nzima nimeshinda mitaani na mwavuli, kutoka ofisi hadi ofisi. Nilidhani kila mtu ataniambia "tunataka iwe na kasi" basi. Kumbe watu wamekaa na matakwa yao miaka, wanangoja tu wa kuwauliza!

Mhasibu wa kiwanda cha magodoro anataka kitufe cha kutendua makosa kinachorudi mpaka jana. "Kosa la dakika hii naliona, dada. La jana ndilo linalofukuzisha watu kazi." Mama wa duka la kuchapisha kadi anataka umeme ukikatika na kurudi, madirisha yake yote yafunguke vilevile yalivyokuwa, lile la bibi harusi kushoto, la bwana harusi kulia. Mpokezi wa hoteli anataka masasisho ya mfumo yabishe hodi kama watu wenye adabu, yasijianzishe mgeni akiwa kaunta na mabegi yake. Na yule mzee wa ofisi ya ramani! Yeye anataka kutafuta faili ambalo jina lake amelisahau, anachokumbuka ni kwamba alilifanyia kazi "ile wiki bomba lilipopasuka". Nilicheka, halafu kabla sijafika barabarani nikajikuta nalitaka hilo kuliko yeye mwenyewe.

Nimerudi na matakwa hamsini na kitu na sauti imekauka. Fundi ameyasoma yote amesimama. Mabega juu, mabega chini.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Matakwa mengine kwa simu. Chai imeisha.

Jumamosi, 8 Machi

Leo niandike kuhusu nyumbani, maana najikimbia.

Mwalimu amefundisha historia sekondari kwa miaka mingi, na sauti yake ilikuwa ikifika dawati la mwisho bila yeye kuipandisha. Mwaka jana jicho la kushoto lilianza kuona ukungu, kisha la kulia likafuata, na madaktari wakafanya walichoweza. Sasa anatofautisha mchana na giza, na dirisha na ukuta. Basi.

Alikuwa ameandika sura tano za kitabu cha historia kwa wanafunzi wake. Ya sita imekwama. Vidole vyake vinaijua kibodi vizuri, shida ni kuyajua yale aliyokwisha andika. Mfumo tulio nao una sauti ya kusoma skrini, lakini sauti hiyo imefundishwa lugha za watu wengine, inasoma Kiswahili kama mtu anayetafuna kokoto. Aliijaribu mara moja. Iliposoma "wafanyakazi waligoma", hakuna aliyeelewa kama waligoma au walioga. Akaifunga mashine polepole, akaweka kitambaa juu yake.

Kwa hiyo namsomea mimi. Nikitoka kazini nakaa pembeni yake na kurasa nilizozichapisha, nasoma. Anasema "rudia", narudia. Anasema "basi", nafunga. Hatugombani. Ila namwona anavyokunja ngumi kila anapolazimika kusema "rudia" mara ya tatu, na mimi naogopa hata kupiga miayo.

Mama mkwe, tunayekaa naye, amesema leo tukiwa tunaanika nguo ukumbini kwa sababu ya mvua, "Mwanangu hajaacha kuona tu. Ameacha na kubisha. Huyo mtoto alikuwa anabishana na redio."

Jumanne, 11 Machi

Nimelipata! Nimelipata takwa!

Mwanafunzi mmoja wa chuo cha ualimu amepiga simu ya ofisi, akaacha ujumbe. Ni binti asiyeona tangu kuzaliwa. Sauti yake nyembamba, imenyooka kama rula. Anasema katika chumba chao cha kompyuta, mashine inapomsomea kazi zake wenzake hucheka, kwa hiyo huvaa hedifoni na kuweka sauti chini kabisa, na wakati mwingine hasikii vizuri, anakosea mtihani kwa kukisia. "Nataka kompyuta inisomee Kiswahili kama anavyosema mtu," akasema. "Sihitaji iwe sauti nzuri. Iwe ya mtu tu."

Nimeusikiliza nimesimama, kikombe mkononi. Wale wote niliowatembelea kwa mwavuli wana macho! Mimi ninayekaa na Mwalimu nyumba moja sikuwahi kuliona hili kama kitu cha kuombwa, nililiona kama msiba wa nyumbani kwetu. Kumbe ni jambo la kuombwa, na wa kuombwa yupo, na mwezi huu ameuliza.

Nimetafsiri menyu nzima ya mipangilio kwa mkono mmoja, huku nikiimba.

Ijumaa, 14 Machi

Fundi amenikasirisha mpaka nimesahau mwavuli ofisini na kurudi nimelowa.

Kikao cha kuchagua matakwa matano ya kupigiwa kura. Bi Nukta akayapitisha ya mhasibu, ya mpokezi, ya mama wa kadi na ya mzee wa ramani. Lilipofika la sauti ya Kiswahili, Fundi akafungua mdomo, yeye ambaye hufungua mara moja kwa mwezi.

"Hapana. Liondoeni."

"Kwa nini?" nikauliza.

"Kubwa mno."

"Wamesema watajenga."

"Watu husema." Mabega.

Nikamwambia labda angeketi chumba kimoja na yule binti wanayemcheka, ndipo aje atuambie kipi ni kikubwa. Bi Nukta akasema, "Linaingia. Nukta." Fundi akakusanya waya zake, akatoka.

Ni mtu baridi yule, kama sakafu. Nimeandika na nimemaliza.

Jumatatu, 17 Machi

Kura zimefunguliwa. Mvua bila kupumua. Fundi hajanisalimia, nami sijamsalimia.

Alhamisi, 20 Machi

TUMESHINDA!

Mpaka mchana kitufe cha kutendua cha mhasibu kilikuwa mbele, na nilishajiandaa kukipenda. Halafu vyuo vikaanza kupiga kura, na shule, na chama cha wapiga chapa wasioona, na hata mzee wa ramani, ambaye alinipigia kuniambia amelisaliti takwa lake mwenyewe. Bi Nukta alikuwa akihesabu kwa sauti huku amesimama juu ya kiti, mwanamke wa umri wake, na viatu vyake vya heshima!

Makao makuu wakajibu saa hiyohiyo: watajenga. Lakini wana sharti. Mashine haijui kusema mpaka isikie mtu akisema. Tuwape mtu mmoja asome sentensi elfu tatu kwa sauti safi isiyo na kelele nyuma, zifike kwao kabla ya Aprili kwisha. Zisipofika, takwa linasubiri toleo lingine, na toleo lingine ni miaka.

"Mtu mmoja tu?" nikamuuliza Fundi, nikisahau kwamba hatusemezani.

"Mmoja. Mkichanganya watu, inatoka sauti ya mgonjwa."

Jumatatu, 24 Machi

Tumempata Mtangazaji, yule wa taarifa ya habari ya asubuhi. Amekubali kusoma bure, kwa mapenzi ya lugha. Ana sauti kama blanketi jipya. Tumemfanyia chumba kwenye stoo ya ofisi, tukaziba kuta kwa magodoro ambayo mhasibu ametuazima kiwandani. Akasoma, "Betri inakaribia kuisha," na mimi nikahisi kulia. Kwa ajili ya betri!

Tatizo ni paa la mabati. Mvua ikianza tunasimama, ikikatika tunasoma. Fundi anakaa mlangoni akitazama mawingu.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua kutwa. Sentensi tisa.

Ijumaa, 4 Aprili

Jua! Tumesoma mpaka Mtangazaji akaomba asali. Tumevuka theluthi. Jioni nimemsomea Mwalimu kurasa mbili na kumweleza yote, akauliza, "Anasoma 'karne' au 'karine'?" Nikasema karne. Akanung'unika kidogo. Lakini aliuliza!

Jumatatu, 7 Aprili

Siku mbaya. Naiandika taratibu.

Mtangazaji amekuja asubuhi akiwa na uso wa mtu aliyefiwa. Kituo chake cha redio kimepata habari. Mkataba wake unasema sauti yake ni ya kituo, hairuhusiwi kutumika kokote kwingine, hata zile sentensi alizokwisha tusomea. Alijaribu kuwasihi, wakamwonyesha saini yake. Aliomba radhi kwa kila mmoja wetu kwa zamu, na alipofika kwangu nikashindwa kumkasirikia.

Tulilazimika kufuta kila kitu. Fundi ndiye aliyefuta. Mashine ikamuuliza, kwa maneno niliyoyatafsiri mimi mwenyewe, "Una uhakika unataka kufuta faili hizi?" Kidole chake kikakaa hewani muda mrefu. Kisha akabonyeza, akatoka nje, akasimama chini ya mchirizi wa paa akilowa bega moja.

Nikamfuata. Nilikusudia kumwambia, haya, furahi, ulisema ni kubwa mno. Sikuwahi kusema, maana alianza yeye.

"Kabla hujaja hapa," akasema bila kunitazama, "tuliahidiwa maandishi ya kufuata sauti, kwa ajili ya viziwi. Nikaenda shule yao, mimi mwenyewe, nikawatangazia. Walifurahi sana. Wakapiga makofi yale yao, ya kutikisa mikono juu. Halafu makao makuu wakaghairi. Nani arudi kuwaambia? Nikarudi mimi." Maji yakamtiririka kwenye kola. "Nilisema liondolewe ili binti yule asipigiwe simu ya namna hiyo. Maana mpigaji ningekuwa mimi tena."

Nilimpa mwavuli wangu. Huyu si mtu baridi hata kidogo. Mimi ndiye niliyesoma mabega yake kwa lugha nisiyoijua.

Jumatano, 9 Aprili

Bi Nukta amesema tunatafuta msomaji mwingine na chumba kisicho na mabati. Nikakumbuka nyumba yetu: tuko chini kabisa, kuna ghorofa mbili juu yetu, mvua hatuisikii. Fundi akaja jioni kupima ukimya wa chumba chetu cha kulala.

"Shikamoo Mwalimu," akasema mlangoni.

"Marahaba. Wewe ndiye unayeongea kwa mabega? Karibu, humu ndani mabega hayasaidii."

Nilitamani ardhi inimeze. Fundi akacheka! Ana cheko kubwa, sijui alikuwa akilificha wapi. Wakakaa. Fundi akamuuliza kuhusu kitabu, na Mwalimu, ambaye ananijibu mimi kwa neno mojamoja, akaanza kueleza jinsi wafanyakazi wa reli walivyogoma na wake zao wakabeba maji kwenda kuwapa. Alieleza kama darasani. Mama mkwe akaacha kuchambua mchele. Nilipomtazama Fundi nikaona ameacha kutazama kipimo chake cha sauti. Anamtazama Mwalimu mdomoni.

"Mwalimu," akasema polepole, "usome wewe."

Mwalimu akamgeukia.

"Nisome nini? Kwa macho gani?"

"Tutatafuta namna."

"Aha." Mwalimu akasimama, akashika mgongo wa kiti. "Nimeelewa. Picha nzuri hiyo. Kipofu awasomee vipofu, watu watoe machozi. Mke wangu, hili ulilipanga wewe?"

"Sikulipanga mimi."

"Kila siku unarudi na matakwa ya watu. Mhasibu anataka hivi, mpokezi anataka vile. Umewahi kuniuliza mimi nataka nini?"

"Nilikuuliza siku ya kwanza. Ukasema iote miguu!"

"Kwa sababu ninachotaka hakimo kwenye kompyuta!" Alipaza sauti, na kweli ingefika dawati la mwisho na kuvuka ua. "Nataka kusoma sentensi yangu mwenyewe bila kumwomba mtu! Nataka ukirudi umechoka ulale, usije kunisomea huku umeng'ata miayo! Unadhani siisikii?"

Akaingia chumbani kwa kupapasa ukuta. Fundi akaaga kwa sauti ya chini. Mama mkwe akarudi kwenye mchele wake, na baada ya muda akasema, "Lakini umesikia? Amebisha."

Alhamisi, 10 Aprili

Kutwa nzima hatukusemezana. Jioni nilikaa pembeni yake nikafungua sura ya sita, akaweka mkono juu ya kurasa.

"Huyo binti wanayemcheka," akasema. "Alisemaje hasa?"

Nilikuwa na ujumbe wake kwenye simu. Nikamwekea. Akasikiliza ameinamisha kichwa. Akasema niuweke tena. Ulipofika pale kwenye hedifoni na kukisia mtihani, taya yake ikacheza.

"Wanapocheka, mwalimu wao anakuwa wapi?"

"Sijui."

"Darasani kwangu hakuna aliyewahi kuchekwa kwa kusoma. Hakuna. Hata yule aliyekuwa na kigugumizi, tulimngoja mpaka amalize, na kengele ilishapigwa." Akaondoa mkono kwenye kurasa. "Sentensi ngapi?"

"Elfu tatu."

"Na mwisho wa mwezi ndiyo mwisho?"

"Ndiyo."

"Sasa tumekaa hapa tunafanya nini?"

Nimempigia Fundi. Amepiga ukelele kwenye simu. Fundi, ukelele!

Jumamosi, 12 Aprili

Namna imepatikana, na ni rahisi mpaka nataka kumbusu aliyeibuni, ila ni Fundi na ana mke. Mwalimu anakaa chumbani, blanketi zimetundikwa kuta zote, kipaza sauti mbele yake na hedifoni masikioni. Mimi nakaa jikoni na kipaza sauti kingine na hedifoni zangu, nasoma sentensi kwa kunong'ona. Inamfikia yeye tu, sikioni. Kisha anaisema kwa sauti yake. Wala hainakili tu ninavyoisoma. Anaipokea, anaipima, ndipo anaisema kama imetoka kichwani mwake.

"Hakuna karatasi kwenye printa."

"Nenosiri ulilotumia si sahihi."

"Mabadiliko yako yamehifadhiwa."

Leo mia moja na themanini. Nimeruka kwa furaha mpaka nikamwaga maharage.

Jumatano, 16 Aprili

Adui yetu sasa ni ghorofa ya juu. Pale anaishi fundi cherehani, na mashine yake inapita kwenye dari kama treni. Mama mkwe amepanda kuongea naye. Sijui aliongea nini. Amerudi na ratiba ya cherehani, na kipande cha kitenge alichopewa zawadi. Tangu hapo anakaa ngazini na kigoda, na kila anayepita anaoneshwa kidole mdomoni. Muuza mkaa amepita kwa ncha za vidole.

Ijumaa, 18 Aprili

Mwalimu amegoma kwenye sentensi. "Hii haisemwi na mtu," akasema. "'Kitendo kilichoombwa hakikuweza kutekelezwa.' Nani anaongea hivi? Mke wa nani?" Nikampigia Bi Nukta nikamweka kwenye spika. Wakabishana mpaka maji ya chai yakakauka jikoni. Bi Nukta akisema usahihi, Mwalimu akisema pumzi. Mwishowe wakakubaliana: "Imeshindikana. Jaribu tena." Nilipozima spika Bi Nukta akaniambia, "Huyo mumeo ni msumbufu sana. Mlete ofisini."

Jumanne, 22 Aprili

Mafua yanazunguka jengo zima. Mama mkwe anamnywesha tangawizi kwa lazima.

Alhamisi, 24 Aprili

Leo katikati ya kazi nilichoka na macho yakaruka mstari, na sijui ni nini kilichonipata, nikanong'ona kitu ambacho hakikuandikwa popote. Nikasema, "Nilikuwa nimeikosa sauti yako."

Nikawaza, nimeharibu.

Halafu nikamsikia, kupitia mlango na kupitia hedifoni kwa pamoja, akiisema taratibu, kwa sauti ileile safi ya kazi: "Nilikuwa nimeikosa sauti yako." Kisha akasema, "Inayofuata."

Baadaye Fundi, aliyekuwa akikagua rekodi, akaniambia kuna sentensi moja haina namba, ameiweka pembeni. Alikuwa akitazama viatu vyake.

Jumanne, 29 Aprili

Umeme umekatika tangu alfajiri tukiwa tumebakiza sentensi sitini, na kesho ndiyo mwisho. Fundi ameng'oa betri ya gari lake mvuani, akaibeba kifuani kama mtoto mchanga. Mama wa duka la kadi, ambaye amekuwa akifuatilia kama mpira, ametuma jenereta, lakini lilikuwa na kelele tukalirudisha na shukrani. Betri imetosha. Sentensi ya mwisho: "Asante kwa kusubiri." Mwalimu aliisema mara tatu, hakuridhika na mbili za kwanza.

Zimetumwa. Zimefika. Tumekumbatiana watu wasiokumbatiana.

Jumatatu, 12 Mei

Kusubiri. Mvua zinapungua. Mwalimu anauliza kila jioni kama "wale watu" wamesema chochote, kisha anajifanya hakuuliza.

Jumatatu, 26 Mei

Toleo la majaribio limefika!

Fundi amelileta nyumbani mwenyewe, akaliweka kwenye kompyuta ya Mwalimu, ile iliyofunikwa kitambaa. Bi Nukta alikuja pia na keki. Tukasimama nyuma ya kiti chake. Mwalimu akabonyeza.

"Karibu," ikasema kompyuta, kwa sauti ya mume wangu. "Skrini iko tayari."

Mama mkwe akapiga kigelegele. Mimi nilikuwa nalia na kucheka, sikujua kipi kimetangulia. Mwalimu peke yake ndiye aliyekuwa akisikiliza, kichwa kimeinama upande mmoja.

"Huyu ndiye mimi?" akasema. "Mbona anaringa hivi?"

Akaijaribu kila kona. Akakuta inatamka "ng'ombe" kama "ngombe", akadai irekebishwe kabla ya jua kuzama. Fundi akaandika. Kisha Mwalimu akafungua faili la sura ya sita na kuiamuru isome, na sote tukaondoka chumbani bila kuambizana.

Alhamisi, 5 Juni

Binti wa chuo amepewa toleo la majaribio na amepiga simu ofisini. Safari hii hakuacha ujumbe, aliongea nami. Alisema leo kwenye chumba cha kompyuta amechomoa hedifoni. Akaweka sauti juu. Mtu mmoja akageuka akauliza ni mwalimu gani ameingia, na wote wakakaa sawa!

Nimemsimulia Mwalimu. Alikuwa akiandika, hakugeuka, ila vidole vilisimama. "Wamekaa sawa?" akauliza. Nikasema ndiyo. Akaendelea kuandika, kwa kasi zaidi.

Jumamosi, 14 Juni

Asubuhi kavu, anga imeoshwa, madirisha yote wazi. Mlango wa chumba cha Mwalimu umefungwa tangu kifungua kinywa. Ndani nasikia sauti ikisoma, kisha sauti ileile ikifoka, "Hapana, hapana, hilo nimelisema ukurasa uliopita," kisha vidole kwenye kibodi, kisha sauti ikisoma tena, shwari kabisa, bila kukasirika.

Mama mkwe ametoka sokoni, akaweka kapu chini, akasimama mlangoni kusikiliza.

"Wanagombana," akaninong'oneza.

"Wanagombana, Mama."

"Yupi ni wangu?"

"Yule anayebisha."

Akatikisa kichwa kwa raha, akaenda jikoni. Mimi nikabisha hodi, nikamwambia nimemletea chai na nimekuja kumsomea kama anataka, maana leo sina kazi na sijachoka.

"Weka chai hapo nje, mke wangu," akasema. "Tuko kazini."

Nikaiweka. Nikasimama kidogo na mikono mitupu, sijui niipeleke wapi. Halafu nikachukua riwaya niliyoinunua kabla ya ugonjwa wake, nikakaa dirishani, nikanyoosha miguu juani. Nimesoma sura mbili nzima kimoyomoyo, midomo imefungwa.